Mkubwa Akichekwa Mbele ya Watu

Katika nchi ya Korea kuna kijiji kiitwacho Hahoe. Ni kijiji cha ukoo mmoja, ukoo wa Ryu, uliokaa pale miaka 600 hivi. Ukoo huo ulitoa wataalamu wakubwa na mawaziri wa mfalme. Watoto wake walifundishwa adabu tangu udogo: namna ya kumwinamia baba, namna ya kukaa mbele ya mzee, namna ya kupokea kitu kwa mikono miwili. Je, wadhani watu wa namna hiyo walipenda kuchekwa?

Lakini sikiliza. Katika kijiji hichohicho, wakulima na watumishi wao walikuwa wakivaa vinyago vya mti usoni, wakatoka hadharani, wakawacheka mabwana. Walicheka mwendo wao, na majivuno yao, na elimu yao. Nao mabwana walijua. Hawakuwapiga, wala hawakuukataza mchezo. Tena walisaidia gharama zake.

Jambo hilo latupa swali ambalo kila nyumba yalijua, hata kama hakuna athubutuye kuliuliza wakati wa kula. Sharti mkubwa aheshimiwe; hakuna anayebisha. Sharti pia kweli isemwe. Basi, kweli ikimhusu mkubwa mwenyewe, tufanye nini? Wengine hujibu: «Ukimheshimu mzee, funga mdomo.» Wengine hujibu: «Sema kweli, na heshima ife kama yataka kufa.» Tuwatazame watu wa Hahoe, labda watatusaidia kupata jibu lililo bora kuliko hayo mawili.

Kijiji na mapaa yake

Jina Hahoe maana yake ni mto unaozunguka. Na kweli, mto Nakdong wafika pale, wageuka, wakizunguka kijiji pande tatu, kama mkono unaokumbatia mtoto. Nyuma yake upo mlima Hwasan. Ng'ambo ya mto lasimama jabali liitwalo Buyongdae, na karibu na maji kuna msitu wa misonobari. Katikati ya kijiji upo mti mmoja wa kale, ambao umri wake wapita miaka 600. Nyumba hazikupangwa kuelekea upande mmoja. Zimeuzunguka mti huo na kufuata mteremko wa nchi, hata nyingine zatazama huku, nyingine kule.

Nyumba kubwa zipo katikati, na mapaa yao ni ya vigae vyeusi. Kuzunguka hizo zipo nyumba ndogo za kuta za udongo, zilizoezekwa kwa mabua ya mpunga. Kuna kijiji kingine cha namna hiyo, jina lake Yangdong, karibu na mji wa Gyeongju. Hicho ni cha koo mbili, ukoo wa Son na ukoo wa Yi, nacho kina nyumba zaidi ya 150. Huko nchi ni ya vilima. Kwa hiyo nyumba za vigae zipo juu, na nyumba za majani zipo chini. Vijiji hivyo viwili viliandikwa pamoja na UNESCO, mwaka 2010, katika orodha ya urithi wa dunia.

Mgeni asiyejua neno moja la Kikorea angeweza zamani kutambua cheo cha mtu kwa kutazama paa lake. Chini ya vigae walikaa watu walioitwa yangban. Hao walisoma vitabu vya hekima vya Uchina, wakafanya mitihani ya mfalme, wakapewa kazi za serikali. Chini ya mabua walikaa wakulima waliolima mashamba ya mabwana, na pamoja nao watumwa. Mtumwa aliweza kununuliwa, kuuzwa na kurithiwa, na mtoto wake alizaliwa mtumwa. Watumwa wengi wa serikali walifunguliwa mwaka 1801. Utumwa wa kurithi ulikomeshwa mwaka 1886, na mwaka 1894 sheria ikafuta utumwa wote pamoja na tofauti za vyeo vya kuzaliwa.

Wema wa heshima

Tusifanye haraka kuwalaumu watu wa vigae. Ukiingia katika nyumba zao, waona kwamba kila kitu kimewekwa kusudi mwanadamu akumbuke kuwa hakujizaa mwenyewe. Upande wa mbele wakaa wanaume na kupokea wageni. Upande wa ndani wakaa wanawake, nao ndio wenye kushika ghala na jikoni. Nyuma, mahali palipoinuka kidogo, pana kijumba cha wazee waliokufa. Hapo huwekwa vibao vyenye majina yao, wa vizazi vinne: baba na mama, babu na bibi, na waliotangulia hao. Siku ya kufa kwao ikitimia, jamaa hukusanyika usiku, huandaa wali, samaki, nyama na matunda, nao huinama. Baada ya kizazi cha nne, kibao huondolewa. Lakini mtu aliyefanya mema makubwa kwa nchi, kibao chake hakiondolewi kamwe.

Mwana wa kwanza wa nyumba ya kwanza ndiye anayeshika kazi hiyo. Ana mizigo miwili: kuwakumbuka wazee, na kupokea kila mgeni vizuri. Kazi ya pili si ndogo kuliko ya kwanza. Ukoo ulihesabiwa kuwa mkubwa si kwa ghala zake tu, bali kwa meza yake vilevile. Na mgeni naye ana sheria yake. Mwaka 1999 Malkia Elizabeth wa Uingereza alipofika Hahoe, alivua viatu kabla ya kuingia katika nyumba iitwayo Chunghyodang. Katika nyumba hiyo hata taji halimruhusu mtu kukanyaga sakafu na viatu.

Haya yote ni mema. Mtoto asiyefundishwa kumheshimu mzee hudhani kwamba dunia ilianza siku aliyozaliwa yeye. Kijana wa namna hiyo hawezi kujifunza, maana anayejifunza sharti kwanza akubali kwamba kuna mtu aliyejua kabla yake.

Lakini tuitazame sakafu ile. Nyumba za Korea zina ufundi wa ajabu. Moto huwashwa mekoni, chini, na moshi wake wa moto hupita katika njia za mawe chini ya sakafu, halafu hutoka kwa dohani upande wa pili. Hivyo chumba chote hupata joto wakati wa baridi kali, na ndani hakuna moshi. Bwana akaa juu ya sakafu, asoma kitabu chake, ahisi joto. Moto hauoni. Wala hamwoni yule aliyeinama nje alfajiri, katika theluji, akipuliza kuni. Hapo ndipo heshima yaanza kuwa na hatari. Mtu aweza kuzoea joto hata asikumbuke kwamba kuna anayelileta.

Vinyago

Basi, twende kwenye vinyago. Ni vya kale sana, wenyeji husema ni vya kale kuliko kukaa kwa ukoo wa Ryu mahali pale. Wasimulia kwamba kijana mmoja wa ukoo wa Heo aliagizwa katika ndoto avichonge, naye asionekane na mtu mpaka amalize. Msichana aliyempenda akachungulia. Kijana akatokwa damu, akafa, na kinyago cha mwisho hakijaisha. Kwa sababu hiyo, wasema, kinyago cha mtumishi mpumbavu, aitwaye Imae, hakina kidevu mpaka leo.

Ngoma ya vinyago haikuchezwa kila mwaka. Ilipita miaka kadhaa, halafu, mwanzoni mwa mwaka wa mwezi, wachezaji wakajitenga, wakajitayarisha, kisha wakatoka. Wachezaji walikuwa watu wa nyumba za majani. Mabwana hawakucheza, wao walikuwa na mchezo wao. Usiku mmoja wa kiangazi walipanda mashua chini ya jabali la Buyongdae, wakatunga mashairi, na cheche za unga wa makaa zikaanguka polepole toka kamba zilizofungwa juu ya mto. Hapo pia wapo waliotunga mashairi, na wapo waliofunga kamba.

Katika ngoma ya vinyago wanaonekana watu wengi. Yupo bwana yangban, na kidevu chake kimefungwa kwa uzi. Akiinua kichwa acheka. Akikiinamisha, uso uleule waonekana kukasirika. Yupo msomi. Yupo mtumishi mwepesi Choraengi, mwenye mdomo wa kupinda. Yupo bibi kizee mjane, afuma kitambaa na kusimulia shida za maisha yake. Bwana na msomi wabishana nani ana cheo kikubwa. Bwana ajisifu kwamba ametoka katika ukoo wa wakubwa wa serikali. Lakini katika Kikorea neno hilo la cheo laanza kwa sauti inayofanana na «nne». Msomi ajibu upesi kwamba ukoo wake yeye ni wa «nane»! Kisha wafanya hivyo hivyo kwa vitabu walivyosoma, mmoja ataja hesabu, mwenzake aiongeza, mpaka wataja vitabu visivyokuwapo duniani. Watu wacheka, kwa maana waona kwamba hao wenye kutangaza elimu wabishana kama wachuuzi wa sokoni. Na walipoinama kusalimiana kwa adabu kubwa, Choraengi ajitia katikati na kumsalimu msomi mahali pa bwana wake.

Bwana wa kweli, mwenye nyumba ya vigae, aliyasikia hayo yote. Kesho yake aliamka, na Choraengi wa jana alikuwa tena mtumishi wake, ameinama mekoni.

Mashaka mawili

Sasa twasikia watu wawili wakipinga.

Wa kwanza asema: «Mchezo huo ni mbaya. Mtoto akimwona mtumishi akimcheka baba yake, kesho hatamtii baba. Heshima ni kama chungu, ikipasuka haiungwi.»

Tumjibu hivi. Kama kicheko kingeweza kuvunja heshima ya Hahoe, ingevunjika zamani. Kijiji kile kiliendelea kwa mamia ya miaka na vinyago vyake na vibao vyake pamoja. Tena, angalia walichocheka. Hawakucheka uzee wa mzee, wala msiba wake, wala wema wake. Walicheka majivuno. Majivuno si heshima. Ni mwizi aliyevaa nguo za heshima. Mwenye kumkamata mwizi huyo hamwibii mwenye nyumba, bali amsaidia. Wahenga wetu walisema: mkubwa ni jalala. Walijua kwamba anayekaa juu sharti apokee na takataka, wala asipige kelele kwa kila ganda linaloangukia kwake.

Wa pili apinga kwa upande mwingine, na neno lake ni zito zaidi. Asema: «Mchezo huo ni udanganyifu. Mabwana walitoa gharama kwa sababu walijua kwamba mtu akicheka siku moja atanyamaza miaka. Kicheko kilikuwa dawa ya kuwalaza maskini usingizi. Je, kuna mtumwa mmoja aliyefunguliwa kwa sababu ya kinyago?»

Ndugu msomaji, neno hilo tusilipuuze. Utumwa wa Korea haukukomeshwa na ngoma. Ulikomeshwa na sheria, na sheria ilikawia. Yule aliyecheza Choraengi alikufa huenda katika nyumba ileile ya majani, na mtoto wake akawasha moto uleule. Ruhusa ya kucheka si malipo ya jasho. Mkubwa anayesema, «Mimi ni mwema, nawaacha watu wangu waseme,» halafu habadili kitu, amewapa watu wake upepo badala ya chakula.

Hata hivyo hatuwezi kusema kwamba kicheko kilikuwa bure. Kabla ya mchezo, bwana aliweza kujidai kwamba hajui. Baada ya mchezo, amesikia, na kijiji kizima kimemwona akisikia. Tangu siku hiyo ana deni. Deni laweza kukaa bila kulipwa miaka mingi, lakini si sawa na kutokuwa na deni.

Waziri aliyejiandika mwenyewe

Katika ukoo huohuo wa Ryu alitokea mtu mmoja anayeweza kutuonyesha namna ya kulipa. Jina lake Ryu Seong-ryong. Alizaliwa mwaka 1542, akafa mwaka 1607. Aliongoza serikali kama waziri mkuu wakati wa vita vikubwa, Wajapani walipoishambulia Korea kuanzia mwaka 1592 mpaka 1598. Kabla ya vita alikuwa amemwombea kazi ya kuongoza merikebu mtu aitwaye Yi Sun-sin, na huyo ndiye aliyewashinda Wajapani baharini. Katika vita vile Ryu alitaka hata watumwa waandikwe jeshini. Mwaka 1598 maadui zake katika serikali walimshitaki, akafukuzwa kazini. Akarudi Hahoe.

Mtu mwingine angekaa nyumbani na kuandika sifa zake. Yeye aliandika kitabu kiitwacho Jingbirok, kusudi makosa ya zamani yawe onyo kwa siku zijazo. Mwanzoni mwa kitabu ajihesabu mwenyewe miongoni mwa wenye kosa. Aandika kwamba wajumbe wawili walitumwa Japani kabla ya vita. Mmoja alirudi akasema vita vitakuja, wa pili akasema havitakuja. Huyo wa pili alikuwa rafiki yake, mwanafunzi wa mwalimu yuleyule. Angeweza kumficha. Hakumficha.

Tena aandika habari ya Pyongyang. Mfalme alikuwa amekimbia mji mkuu, akafika huko. Watu wa mji waliambiwa kwamba mji utalindwa. Halafu wakaona watu wa serikali wanaanza kutoka. Wakashika marungu na mashoka, wakafunga njia, wakawatukana wakubwa kwamba siku zote hula mali ya nchi, na sasa waiharibu nchi na kuwadanganya watu. Ryu aliwatokea, akamwita mzee mmoja kati yao, akasema naye kwa upole mpaka ghasia ikatulia. Lakini mfalme aliondoka vilevile. Na waziri, alipokaa baadaye kijijini na kalamu yake, hakuyafuta matusi yale. Aliyaweka katika kitabu, wajukuu wake wayasome.

Hapo twaona mambo matatu. Katika Hahoe, wakati wa amani, watu wadogo walisema kweli kwa kinyago na kicheko. Katika Pyongyang, wakati wa hatari, walisema kweli kwa rungu. Na Ryu, mkubwa mwenyewe, alisema kweli juu ya wakubwa, pasipo kinyago na pasipo kulazimishwa. Njia ya kwanza ni ya busara, lakini haitoshi. Njia ya pili huja pale ambapo wakubwa hawakusikia mapema. Njia ya tatu ndiyo inayompasa mtu mwenye cheo.

Na heshima yake je, ilipungua? Baada ya kufa kwake, watu wa jamaa yake walijenga ile nyumba ya Chunghyodang, na maana ya jina ni uaminifu na utii kwa wazazi. Kibao chake ni kimoja cha vile visivyoondolewa. Mpaka leo wanamkumbuka kila mwaka. Mtu aliyekiri kosa katika kitabu ndiye aliyekaa katika nyumba ya kumbukumbu, na wengi waliojificha nyuma ya sifa zao hakuna anayejua majina yao.

Jibu letu

Basi, turudi kwenye swali. Je, heshima na kweli zaweza kukaa nyumba moja? Ndiyo, lakini kwa masharti, na masharti hayawahusu wadogo peke yao.

Anayesema sharti apige kosa, asimpige mtu. Choraengi alicheka majivuno ya bwana, hakumtakia kifo. Mwenye kusema kweli kusudi amwangushe mwenzake na kukaa mahali pake, huyo hakusema kweli, alitafuta kiti.

Anayesikia sharti asitosheke na kusikia. Akiisha kusikia, ashuke atazame mekoni, amwone anayepuliza moto. Asipofanya hivyo, uvumilivu wake wote ni mapambo ya nyumba. Na aliye bora kuliko wote ni yule asiyengoja kinyago kije, bali asema mwenyewe, mbele ya watoto wake: «Hapa nilikosa.» Wengine huogopa kwamba baba akisema hivyo atadharauliwa. Lakini mtoto amekwisha kuliona kosa. Anachongojea ni kujua kama baba yake ameliona vilevile.

Heshima isiyoweza kuvumilia kweli ni woga tu, nao woga hudumu mpaka mkubwa ageuke kisogo.

Ngoma ya kale ya Hahoe ilichezwa mara ya mwisho mwaka 1928, wakati Korea ilipotawaliwa na Japani. Vinyago vilivyobaki viliandikwa hazina ya taifa mwaka 1964. Vingine vitatu vilipotea. Baadaye watu waliufufua mchezo, na mwaka 1980 serikali ikauandika kati ya mambo ya urithi wa taifa. Leo wageni wa nchi nyingi huja kuutazama, na watu wa ukoo wa Ryu bado wakaa katika nyumba za vigae. Bwana wa kinyago ainua kichwa, na kidevu chake cha uzi chafunguka, acheka. Wenye nyumba wacheka pamoja na wageni. Siku hizi hakuna mtumwa wa kurudi mekoni baada ya ngoma, kwa hiyo kucheka ni rahisi.

Lakini wewe msomaji, ukiwa baba, mwalimu, msimamizi wa kazi au mkubwa wa namna yoyote, jiulize jioni ya leo: katika nyumba yangu, kweli yanifikia kwa njia gani? Na iliponifikia mara ya mwisho, nilifanya nini kesho yake?